Nikikataa Utafiti, Watamfungia Mtoto Mlango?

Swali la msomaji:

"Sista, natumai u mzima. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Mwezi uliopita alilazwa katika hospitali kubwa hapa Kisumu. Malaria ilikuwa imemmaliza damu, ikabidi aongezwe. Siku ya kuruhusiwa alikuja kijana wa risachi na karatasi, nimezihesabu, kurasa tisa. Akasema kuna utafiti wa dawa za kuzuia mtoto asirudi wodini, na kwamba kompyuta ndiyo itakayochagua apewe dawa ipi. Atatolewa damu kidogo kila mwezi, na nauli yangu watairudisha. Niliomba muda. Baba yake yuko Mombasa, amenikataza kwa simu nisiweke sahihi popote. Mama mkwe anasema hao ni kachinja, damu inauzwa ng'ambo. Siku ya kliniki ni Jumatatu na mimi bado sijui niseme nini. Nikikataa, watamfungia mtoto mlango? Na kama wao ni madaktari kweli, mbona kompyuta ndiyo ichague? – Mama wa Nyalenda."

Jibu:

Mama, nianze na huo mlango, maana nahisi ndio unaokunyima usingizi. Hawawezi kuufunga. Mtoto wako atatibiwa uwe umeweka sahihi, umekataa, au umekubali Jumatatu ukabadili nia Alhamisi. Fomu yoyote iliyopita kwenye kamati ya maadili lazima iwe na maneno hayo waziwazi. Ukisoma kurasa zote tisa usiyaone, zikunje uwarudishie. Na mtu akikudokezea, hata kwa kuzungukazunguka, kwamba ukikataa utapangwa mwisho wa foleni, amekosa. Kwenye fomu hiyohiyo, mara nyingi ukurasa wa mwisho, kuna namba mbili za simu. Moja ni ya mtafiti. Ya pili ni ya kamati ya maadili, na hiyo ndiyo ya kumshtakia mtafiti.

Tena ulifanya vizuri kuomba muda. Wazazi wengi hawajui kwamba muda unaombwa.

Nikwambie nilikotoka ili ujue unaongea na nani. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto, kisha kwa miaka kadhaa nikawa mimi ndiye huyo "wa risachi" anayemfuata mama kitandani na karatasi. Siku hizi naketi kwenye kamati inayozisoma fomu hizo kabla hazijafika wodini. Kwa hiyo sitakwambia watafiti ni malaika, wala sitakubaliana na mama mkwe.

Kuna mama mmoja sijamsahau. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya utafiti, katika hospitali moja ya huku magharibi, wakati wa mvua za masika. Watoto walikuwa wakilala wawili wawili kwa kitanda, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Meza yangu ilikuwa kwenye kona karibu na sinki, na kiti cha mgeni kilikuwa cha plastiki kilichovunjika mguu, tumekiinua kwa tofali. Akaketi pale, mtoto kamfunga mgongoni. Nikamsomea kurasa zote kwa Kijaluo, karibu nusu saa, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Hakuwa amesoma, kwa hiyo tulikuwa na shahidi, jirani yake wa kitanda. Akachovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza penye mstari. Ndipo nikamwuliza, kama tulivyotakiwa kuuliza, "Mama, umekubali nini?"

Akanijibu, "Nimekubali mtoto atibiwe."

Mtoto wake alikuwa anatibiwa tayari. Dripu ilikuwa inadondoka, dawa zilikuwa zimeshaandikwa. Nilichomwomba akubali kilikuwa kitu kingine kabisa, na katika nusu saa ya maneno yangu hakukisikia, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa akimwona mtu mwenye koti jeupe husikia neno moja tu: tiba. Kosa lilikuwa letu. Maswali ya kupima kama mzazi ameelewa huja kabla ya sahihi. Sisi tulikuwa tukiyauliza baada ya sahihi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Tukaanza upya, na mara hii nilifunga karatasi nikaongea naye tu. Mwishowe alikataa. Nilifurahi alivyokataa, kwa sababu sasa alijua anachokikataa.

Basi na wewe nikufungulie hilo kabla sijagusa kompyuta. Daktari wa wodi anapomwandikia mwanao dawa, anamtazama mwanao tu. Mtafiti analo swali, na anaomba mwanao awe mmoja wa mamia watakaosaidia kulijibu. Anatakiwa amlinde mtoto njia nzima, ndiyo, lakini jibu analolitafuta huenda likamfaa zaidi mtoto atakayelazwa miaka mitano ijayo kuliko wako. Mtafiti mkweli atakwambia hivyo mwenyewe. Anayekuahidi kwamba "hii dawa mpya ndiyo nzuri, mtoto atapona kabisa" anakuuzia kitu, kwa maana angekuwa anajua hivyo asingekuwa na haja ya utafiti.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Umeuliza, kama wao ni madaktari kweli, mbona kompyuta ndiyo ichague, yaani kwani wao hawajui? Mara nyingi, mama, kweli hatujui. Na hatari zaidi ni pale tunapodhani tunajua.

Kwa miaka na miaka, mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, moyo ukienda mbio, tulifundishwa kumfungulia maji ya dripu mengi na haraka. Vitabu viliandika hivyo. Nimezifungua dripu hizo kwa mikono yangu nikiamini naokoa. Kisha watafiti wakauliza jambo ambalo wengi wetu tuliliona la kipuuzi: je, mna hakika? Wakachukua watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Mbale, hapo tu ukishavuka Malaba, ilikuwa mojawapo. Bahati nasibu ikawagawa: baadhi wapewe maji mengi kwa haraka, wengine waendelee bila hayo, wapate ya polepole tu. Januari 2011 ikabidi utafiti usimamishwe kabla ya wakati wake. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, kumi au kumi na mmoja walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Wale ambao hawakupewa, saba. (Usije ukamkatalia dripu mtoto anayehara aliyekauka maji, watoto wa aina hiyo hawakuwemo, na kwao maji ndiyo tiba.)

Soma tena hizo namba polepole. Tofauti ya watatu katika mia haionekani kwa macho wodini. Daktari wa zamu anaona huyu kapona, yule kafariki, basi, anasema ni ugonjwa. Isingekuwa bahati nasibu, tungekuwa tunayafungua maji hayo mpaka leo.

Na kwa nini kompyuta, asichague sista? Kwa sababu mimi nikiachiwa kuchagua, nitampa dawa mpya yule aliyezidiwa kwa kumwonea huruma, au mtoto wa mama tunayesali naye kanisa moja. Mwenzangu wa zamu ya usiku atafanya kinyume. Mwishowe tutasema dawa ni mbaya, kumbe tuliwapa wagonjwa mahututi peke yao. Kompyuta haimjui mtu wala haina jirani. Haimpimi mwanao wala haimwandikii kipimo cha dawa. Inachofanya ni kile watoto wanachofanya wakivuta vijiti kuamua nani aanze. Orodha hutengenezwa mapema, na sista wa kliniki anaiona nafasi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, pengine kwenye bahasha iliyofungwa. Baada ya hapo, ni daktari na sista watakaomwangalia mwanao.

Ugonjwa wa mwanao una historia yake ya kujaribiwa huku kwetu, na nadhani itakusaidia kuona kijana yule alikuwa anatafuta nini. Vijidudu vya malaria huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mtoto akiongezwa damu anaamka, anaomba uji, mnaruhusiwa. Lakini uboho wake, kile kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, bado umelemewa na utahitaji wiki nyingi kurudia hali yake. Wakati huo mnarudi Nyalenda, mbu ni walewale. Dawa ya siku tatu mliyopewa imesafisha vijidudu, ila kinga yake haikai. Akiumwa na mbu mwenye malaria wiki ya nne, anaanguka kutoka mahali pa chini kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana watoto wa namna hii walikuwa wakitoka wodini wakicheka, kisha miezi michache baadaye wanarudi wamebebwa, au hawarudi.

Kati ya 2016 na 2018, hospitali tisa za Kenya na Uganda, zikiwemo za magharibi mwa Kenya, zilijaribu kitu. Watoto 1,049 walio chini ya miaka mitano, waliolazwa kwa upungufu mkali wa damu, wote walipewa dawa ya kawaida ya malaria walipokuwa wanatoka. Kisha wiki ya pili, ya sita na ya kumi, nusu yao wakapewa dawa nyingine ya siku tatu, dihidroatemisinini na piperakwini, ambayo hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Nusu ya pili wakapewa plasebo, yaani vidonge vinavyofanana na dawa lakini havina dawa. Mama hakujua, sista hakujua, kompyuta ndiyo iliyojua. Katika miezi ile ya dawa, vifo na kurudi wodini vikapungua kwa asilimia 70. Dawa ziliposimama, kinga nayo ikakoma. Hilo pia ni jibu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaiweka njia hiyo kwenye mwongozo wake wa malaria.

Sasa nikuulize wewe: wale akina mama ambao watoto wao walimeza plasebo, walidhulumiwa? Nimebishana na wenzangu juu ya hili mpaka chai ikapoa. Wakati ule, mtoto asiyekuwa kwenye utafiti alikwenda nyumbani bila kinga yoyote ya zaidi. Aliyepata plasebo hakunyang'anywa kitu ambacho angekipata nje. Tena alifuatiliwa na kupigiwa simu, na akiugua alikuwa na mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo mimi nasema hapana, hawakudhulumiwa. Lakini baada ya 2022 hesabu imebadilika. Mtafiti akija leo mbele ya kamati yetu na kusema kundi moja la watoto kama wako litakaa bila kinga yoyote, atatoa jasho.

Hii ndiyo sababu, katika yote utakayouliza Jumatatu, swali ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine ni hili: "Mwanangu asipoingia kwenye utafiti, atapewa nini hapa hospitalini? Na akiingia akaangukia kundi lisilo la dawa mpya, atapewa nini?" Majibu mawili yakilingana, au la pili likiwa bora, uko salama kuendelea kusikiliza. La pili likiwa pungufu kuliko la kwanza, inuka uende.

Tuje kwenye damu. Pwani wana mumiani, sisi tuna kachinja: gari linalopita usiku, watu wanaokamatwa njiani, damu inayotolewa mpaka mtu akauke. Mama mkwe wako hakuitunga hadithi hiyo, ameirithi. Imetoka nyakati ambazo mtu wa serikali au wa dawa alikuja kijijini akachukua alichokitaka bila kumweleza mtu. Na si Afrika peke yake. Marekani, katika mji wa Tuskegee, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972 ili watafiti waone ugonjwa utawafikisha wapi, ingawa penisilini ilikuwa inautibu tangu miaka ya 1940. Kamati kama yetu zipo kwa sababu ya mambo kama hayo. Kwa hiyo usimcheke mama mkwe. Mpe hesabu.

Mtoto wa kilo 11 ana damu karibu mililita 900, pungufu kidogo ya lita moja. Kijiko cha chai ni mililita 5. Utafiti mwingi wa watoto wadogo huomba mililita mbili au tatu kwa mara moja, nusu kijiko hivi. Fomu lazima iseme kiasi, na iseme kwa vijiko, si kwa mililita peke yake. Damu hiyo inaingia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole chako, mara nyingi chenye kizibo cha zambarau, na ndani yake kuna dawa ya kuzuia isigande. Damu ya kumwongeza mtu hukusanywa kwenye mfuko maalumu, mililita 450 kwa mkupuo mmoja, kutoka kwa mtu mzima aliyepimwa. Ya kichupa haiwezi kuongezwa mtu yeyote, Kisumu wala ng'ambo. Hakuna soko lake.

Hata hivyo, kwa mtoto ambaye juzi tu ameongezewa damu, una haki ya kuuliza kwa nini wachukue kila mwezi. Kupima wingi wa damu, kimashine cha kliniki kinahitaji tone moja la kidole. Kuangalia malaria, tone jingine. Uliza: "Kwa nini sindano ya mshipani, kidole hakitoshi?" Huenda wana sababu nzuri, kwa mfano kupima dawa iliyobaki mwilini. Waitaje. Nimewahi kusoma pendekezo la utafiti ambapo damu iliombwa mara sita, tulipouliza kila mara ni ya nini, ikabaki mara tatu.

Na uliza inakwenda wapi baada ya hapo. Kichupa hakiandikwi jina la mwanao, kinaandikwa namba. Lakini baadhi ya maabara huihifadhi damu kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri kwa miaka, kwa tafiti za baadaye, na nyingine hupelekwa nje kwa vipimo visivyofanyika hapa. Hapo ndipo penye chembe ya ukweli katika maneno ya mama mkwe: wakati mwingine damu hupelekwa ng'ambo kweli. Haiuzwi, inasafiri kwa kibali, na fomu inatakiwa ikuulize peke yake, kwa visanduku vya "nakubali" na "sikubali", kama unaruhusu kuhifadhiwa na kusafirishwa. Unaweza kukubali utafiti na kukataa friza. Wazazi wengi hutia alama visanduku vyote kwa mkupuo mmoja, kama wanavyobonyeza "nakubali" kwenye simu. Usifanye hivyo.

Kuhusu baba wa mtoto. Kwa utafiti mwingi sahihi ya mzazi mmoja inatosha, ingawa kwa ule wenye hatari zaidi kamati inaweza kudai ya wote wawili. Lakini sheria ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Nimeona akina mama wakitia sahihi kimya kimya, kisha kadi ya utafiti ikaonekana kwenye mfuko wa unga, na mtoto akatolewa katikati ya dawa kwa ugomvi wa wazazi. Mtoto anayeanza dawa na kukatizwa ndiye anayepata hasara. Mwambie kijana wa risachi ampigie simu baba wa mtoto, ukiwa umeketi hapo, spika ikiwa imefunguliwa. Ni kazi yake. Akikwambia hana muda wa simu ya dakika kumi, umeshajua atakavyokuwa mtoto akipata homa saa nane za usiku.

Karatasi nazo ziangalie. Kila ukurasa wa fomu uwe na muhuri wa kamati ya maadili na tarehe ya mwisho wa kibali. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wana kamati yao, Chuo Kikuu cha Maseno wana yao, Eldoret nao wana yao. Iwe yoyote, ionekane. Utafiti wowote nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya sheria ya 2013, na ukiwa ni wa kujaribu dawa, idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu pia. Huhitaji kuzikariri. Sema tu, "Naomba kuona vibali," kisha mtazame uso wake. Mwenye navyo huvionyesha mara moja, pengine vimebandikwa ukutani nyuma yako.

Mtoto akidhurika na dawa ya utafiti, nani analipa? Jibu si "SHA", ile bima ya afya ya serikali, wala si "tutaona". Majaribio ya dawa hukatiwa bima, na fomu iseme hivyo.

Nauli ni nauli. Kutoka Nyalenda na kurudi, pengine na chai. Ikiwa pesa unazotajiwa zinatosha kulipa kodi ya mwezi, jiulize zinanunua nini.

Jambo jingine ambalo zamani sikuliwazia: pesa za utafiti zikikatika katikati itakuwaje? Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada, miradi mingi ya afya ilisimama ghafla, na watu waliokuwa wakifuatiliwa wakakuta milango imefungwa. Waulize nani anafadhili, na mtoto ataangaliwa na nani ikiwa mfadhili ataondoka. Siku hizi kwenye kamati tunauliza hilo kila mara.

Pia kuna watu ambao huwaoni na ambao kazi yao ni kuchungulia matokeo njiani. Wakisumu tunalo la kukumbuka: utafiti wa tohara ulioanza 2002 kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Nusu walitahiriwa mwanzoni, nusu wakaambiwa wasubiri. Desemba 2006, waangalizi wa nje walipoona kwamba waliotahiriwa walikuwa wakiambukizwa virusi vya UKIMWI mara chache zaidi, karibu nusu ya wenzao, waliusimamisha, na waliokuwa wakisubiri wakapewa nafasi. Uliza kama utafiti wa mwanao una waangalizi wa namna hiyo.

Sasa lawama yangu kwa watu wa fani yangu, maana haitakuwa haki kuimeza. Tunakuja na karatasi, tunachukua damu na majibu, kisha hamtuoni tena. Mama anasikia matokeo ya damu ya mwanawe, kama anasikia, kwenye redio baada ya miaka minne. Neti mnayolalia leo ilipimwa Asembo na Gem, hapo Siaya, miaka ya 1990. Vijiji vingine vilipewa mapema, vingine vikangoja, na ikagundulika kwamba hata nyumba zisizo na neti, zikiwa ndani ya mita 300 za wenye neti, zilipata nafuu kwa sababu mbu walipungua. Dunia nzima iliyasikia hayo. Lakini waulize wazee wa pale wangapi waliitwa barazani kuambiwa namba hizo. Kwa hiyo dai: "Mtatuambia lini mlichokipata, na kwa njia gani?" Wakisema kwa jarida la wataalamu, waambie wewe husomi jarida, wewe unakwenda kwa chifu.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini ningekuwa wewe, sitajificha. Mtoto wa umri huo, aliyeongezewa damu kwa malaria, yuko kwenye miezi yake ya hatari iwe ndani ya utafiti au nje yake. Kama makundi yote mawili yanapata kinga fulani, na damu ni nusu kijiko kwa sababu iliyoelezwa, na kuna namba ya simu inayopokelewa usiku, ningemwingiza. Kama kundi moja linaachwa mikono mitupu, ningekataa, kisha papo hapo ningemwuliza daktari wa kliniki kuhusu dawa za kinga baada ya kutoka wodini, nje ya utafiti. Na kwa vyovyote neti kila usiku, na akipata homa usingoje kupambazuke.

Jumatatu nenda mapema kabla ya foleni kujaa. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto na karatasi ya kuruhusiwa, utaulizwa damu ilikuwa ngapi alipolazwa. Piga mstari kwa kalamu kwenye kila sentensi ya fomu usiyoielewa, hata zikiwa arobaini, umwambie azieleze moja moja kwa lugha ya nyumbani. Kisha wewe ndiye umweleze yeye ulichosikia, akurekebishe. Na umchukue mama mkwe. Mwombe kijana wa maabara amwonyeshe kile kichupa cha kizibo cha zambarau kikiwa kitupu, akishike mwenyewe mkononi.